Blaindi ya Chumba cha Baba

Nimefunga mapazia katika miji mingi. Nakuru, Eldoret, Kampala, Mwanza, kisha Mombasa, ambako nilikaa zaidi ya nilivyopanga. Niliondoka nyumbani baada ya kidato cha nne nikiwa na begi moja, na kazi ya mapazia ilinifaa kwa sababu haimtaki mtu akae. Unaingia nyumba ya watu, unapanda ngazi, unaona kitanda chao na dawa zao mezani, unafunga pazia, unaenda zako. Nimeingia vyumba vya kulala vya watu ambao sikujua hata wanaitwaje. Chumba cha kulala cha baba yangu sikuwa nimekiingia tangu utotoni.

Kwetu mwanamume akishatahiriwa haingii tena chumba wanacholala wazazi wake. Hakuna anayekueleza ni kwa nini. Nilitahiriwa nikiwa bado shule ya msingi, kama wenzangu wote, na tangu hapo ule mlango niliupita kama mtu anavyopita ukuta. Nilipokuwa mbali nililikumbuka boma lile usiku na mchana: chai iliyoshuka hadi mtoni, ndizi nyuma ya jiko, ukungu wa asubuhi kwenye vilima vya Nyamira. Hicho chumba sikukikumbuka, kwa kuwa sikuwa na cha kukumbuka.

Baba alipopooza upande wa kulia, nilirudi. Mama alikuwa ameshakufa. Habari za kifo chake zilinikuta Kampala, zimechelewa, na nilipofika nyumbani kaburi lilikuwa limeshafunikwa, watu wanakunja hema na kurudisha viti vya kanisa. Kwa hiyo kwa baba nilitaka jambo moja tu. Nilitaka nimwone uso, akiwa hai, naye akijua kwamba namwona.

Niliingia sebuleni nikaambiwa yuko chumbani. Binti wa marehemu kaka yangu ndiye aliyekuwa akimtunza. Ni mwanamke mzima, amefanya kazi ya kuuguza wazee huko Kisii mjini, na aliiacha kazi hiyo akaja kumuuguza babu yake. Yeye aliruhusiwa kuingia. Mjukuu na babu hawaoneani aibu. Wanataniana wapendavyo, na yeye baba alimwita mke wake.

"Wiki za kwanza tulikuwa tunamleta hapa na kiti," aliniambia. "Siku moja wazee wa kanisa wakaja, mate yakamtoka akiwa anaongea, mmoja akaangalia chini. Basi. Alisema hatoki tena."

"Hata mimi nikija?"

"Hata wewe, baba mdogo. Hasa wewe."

Niliketi kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango wake. Mlangoni palining'inia kitambaa cha maua ambacho mama alikishona.

"Tata," nikamwita, maana kwetu baba ndivyo anavyoitwa. "Nimefika."

Ikatoka sauti nzito, kama ya mtu mwenye chakula mdomoni: "Umekula?"

"Bado."

"Kula."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kila siku niliketi pale, nikaulizwa kama nimekula, kama mvua imenyesha, kama chai imechumwa. Tulikuwa chini ya paa moja, na mtu aliyeko Mombasa angepiga simu, angemsikia baba vilevile kama nilivyomsikia mimi.

Dada yangu yuko Marekani, miaka mingi sasa. Ndiye aliyenunua blaindi. Mjukuu alikuwa amemlalamikia kwamba jua la asubuhi linampiga mzee machoni na mkono wake mmoja hauwezi kuvuta pazia. Mzee anaita, naye mjukuu yuko mtoni au shambani. Jirani mmoja aishiye hukohuko, aliyekuwa akija nyumbani kwa mazishi, aliuleta mzigo: blaindi ya kujikunja yenye mota ndani ya bomba lake, betri ya kuchajiwa, kipaneli kidogo cha sola cha kubandika nje ya dirisha, na rimoti yenye vitufe vitatu. Kulikuwa pia na kisanduku kidogo cheupe cha kuunganisha na intaneti, ili blaindi iweze kuongozwa kwa simu. Dada alikiunganisha na simu yake mwenyewe, akiwa hukohuko.

Nilikuwa nimefunga za aina hiyo Mombasa, Nyali, katika nyumba zenye ukimya na baridi ya mashine. Kazi si ngumu. Unapima fremu, unatoboa, unafunga vishikio viwili, unapachika bomba, unaifundisha mota mahali pa kusimama juu na chini. Lakini sikuweza kuingia chumbani. Hivyo nilipeleka benchi nje, upande wa chai, nikasimama juu yake, nikafanya kazi kupitia vyuma vya grili, mjukuu akiwa ndani ndiye mikono yangu.

Kabla hatujaanza, baba alimwambia amfunike shuka. Nilipopanda benchi niliona kitanda, na juu yake umbo la mtu limefunikwa kuanzia miguu hadi kichwa. Nguo ilipanda na kushuka pale mdomo ulipokuwa.

"Sokoro, utakosa hewa," mjukuu akamwambia babu yake.

"Nikifa si ndiyo mtachinja ng'ombe? Toboa."

Akatoboa. Drili ikamshinda nguvu, plasta ikaanguka vipande.

"Mke wangu," ikasema ile shuka, "nyumba hii niliijenga na nyanya yako. Usiibomoe kabla hajanifungulia mlango huko aliko."

"Wewe nyamaza, mume mzee. Baba mdogo, hii skrubu inazunguka tu."

"Toa," nikasema. "Weka kile cha plastiki kwanza, kisukume na kidole gumba. Sasa skrubu. Polepole. Inashika?"

"Imeshika."

"Huyo aliyeko nje," ikauliza shuka, "huko Mombasa alikuwa anafanyiwa kazi na wanawake hivi?"

Nilicheka, na chini ya shuka nilisikia kitu kama kicheko. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa tangu nirudi, ningeweza kupitisha mkono kwenye grili niguse mguu wake. Sikuupitisha. Tulipomaliza nikateremka, mjukuu akamfunua, akampa rimoti katika mkono wa kushoto. Nikiwa nimesimama nyuma ya ukuta nilisikia mota ikilia kwa sauti ndogo, juu, chini, juu, chini, kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea. Kisha mjukuu akasema kwa sauti ya chini, "Analia."

Tangu hapo baba alikuwa na dirisha lake. Asubuhi aliifungua blaindi akatazama wachumaji wa chai. Jua likikaza aliteremsha. Kaburi la mama liko upande huo pia, nadhani alilitazama. Njia ya kwenda mtoni hupita pale, na mtu mzima akikaribia kona ya nyumba hukohoa kwanza, ili walioko ndani wajue. Nilikohoa. Na kila nilipokohoa nilisikia mota ikiteremka. Nikipita dirisha, nikifika kwenye migomba, niliisikia ikipanda tena.

Sikumlaumu. Ila kuna siku nilikohoa na kusimama pale konani nikisubiri, nikiwaza labda leo ataiacha. Iliteremka hadi chini.

Nilimweleza dada kwenye simu. Alicheka.

"Huyo mzee ni mgumu jamani," akasema. "Si mimi niifungue kutoka huku? Nabonyeza tu."

"Usithubutu."

"Utamwona dakika moja, na yeye atakuona, mtasalimiana yaishe. Mnazika watu bila kuwaona, kwa sababu ya aibu."

"Nimesema usithubutu. Umekaa huko sana."

"Sawa, sawa. Usinipigie kelele."

Nilidhani yameisha. Siku kadhaa baadaye akanipigia asubuhi, chai ya kwanza ikiwa bado motoni. Alisema simu yake inamwonyesha betri ya blaindi inaisha, huenda kipaneli cha sola kimeshika vumbi, nikakipanguse. Jambo hilo hutokea. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikakohoa konani, nikaona blaindi iko chini tayari, nikapanda benchi. Kipaneli kilikuwa na vumbi kweli. Nilikuwa nakipangusa, uso wangu uko karibu na kioo, mota ilipoanza kulia.

Nilijua mara moja ni nani aliyebonyeza. Ningeweza kuruka. Hata kufumba macho ningeweza. Lakini mwili hukawia kuliko akili, na kitambaa cha blaindi kilipanda bila haraka, kama kilivyotengenezwa kupanda.

Dada alikuwa amechagua saa hiyo kwa sababu mjukuu alimwambia zamani kwamba ndiyo saa mzee huketishwa kitandani. Hakumwambia anaketishwa kwa nini. Anaketishwa ili aogeshwe.

Baba alikuwa amekaa ukingoni, uchi, beseni miguuni pake, mjukuu amempigia magoti akimsugua miguu. Alikuwa amekonda kiasi kwamba sikumjua mara moja. Rimoti ilikuwa juu ya meza, mbali. Alinyanyua uso akaniona. Uso wake ulikuwa umevutika upande mmoja, jicho la kulia limelegea, na lile la kushoto lilikuwa lilelile la siku zote, jicho la mtu aliyenituma dukani na kunichapa na kunisindikiza stendi ya Nyamira nilipoondoka. Lilinitazama. Mkono wake mzima ukaanza kutafuta kitu cha kujifunika, ukapapasa kitanda, ukakosa.

Mjukuu aligeuka, akapiga kelele, akamkumbatia babu yake kumziba na mwili wake wote. Beseni likamwagika. Mimi nilianguka kutoka kwenye benchi.

Kwetu mtoto kuuona uchi wa baba yake si jambo la kuomba radhi likapita. Nilienda hadi mtoni nikakaa kwenye jiwe. Simu iliita na kuita. Nilipoipokea dada aliuliza kwa furaha, "Ehe? Mmeonana?"

Nikamwambia alichokifanya. Sikuwahi kusikia mtu akilia vile, na bado nilikata simu.

Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba aliyebaki, aliitwa kutoka Kenyenya. Alisema achinjwe mbuzi, mambo yasafishwe kama zamani. Mzee wa kanisa akasema sisi ni watu wa maombi, yafanywe maombi. Walibishana sebuleni kwa heshima nyingi, nami nimeketi kati yao kama mgonjwa. Mwishowe ikasikika sauti nyuma ya kile kitambaa cha maua.

"Hakuna mbuzi. Hakuna maombi. Toeni betri."

Mjukuu akaingia akaiteremsha blaindi hadi mwisho, akatoa betri, akaileta akaiweka mkononi mwangu. Ilikuwa bado na chaji.

Baada ya hapo baba hakuniuliza tena kama nimekula. Niliketi karibu na mlango kama kawaida, nikasema mvua imenyesha, nikasema chai imechumwa. Mjukuu alisema mzee ameacha pia kumtania. Anamwita kwa jina lake la kanisani. Alikaa gizani mchana kutwa, na waliomwekea giza hilo ni mimi na dada yangu, kwa mapenzi yetu. Alifariki kabla mvua hazijakatika, mchana, mjukuu akiwa anamlisha uji. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Wanaume waliingia kumbeba. Baba mdogo alinitazama, akatikisa kichwa, nami nikabaki sebuleni.

Dada hakuweza kuja; karatasi zake za huko hazikumruhusu kutoka. Siku ya mazishi kijana wa video alisimama na kamera ili dada aone kila kitu akiwa kwake. Jeneza liliwekwa chini ya hema, mbele ya nyumba. Lilikuwa la aina inayotumika sana siku hizi: kwenye kifuniko, mahali pa uso, kuna kidirisha cha kioo, na kidirisha hicho kina kipazia cheupe cha lesi kinachosogezwa kwa mkono. Nilikitazama kwa macho ya fundi. Kilishonwa vibaya, mkunjo mmoja mrefu kuliko mwingine.

Watu walipanga mstari kumwona mara ya mwisho. Walipita, wakainama, wanawake wakalia, mstari ukasogea. Nilipobakiza mtu mmoja mbele yangu, nilikohoa. Sikupanga. Nilikohoa kama nilivyokohoa konani asubuhi zote zile, nikasimama, nikasubiri.

"Songa, mwanangu," shangazi akasema nyuma yangu. "Wengi hawajamwona."

Nikasogea. Sikuinama. Nilinyoosha mkono nikakivuta kile kipazia hadi kikafunika kioo chote, nikanyoosha mkunjo wake, nikapita. Nyuma yangu nilisikia shangazi akikifungua tena, pete ndogo zikiteleza kwenye waya. Hakunisema.

Jioni dada alipiga. Alisema mtandao ulikatika palepale, hakuona zamu yangu.

"Ulimwona?" akauliza. "Niambie tu ulimwona."

"Nilimwona," nikasema.

Sikumwambia lini.