Majina Niliyoyafuta Kwenye Hadithi za Shemeji

Admin, naomba usiliweke jina langu. Masasi ni mji mdogo na waliopita darasani kwangu ni wengi. Nina miaka themanini na moja, mwalimu mstaafu, mgane. Moyo wangu umechoka. Daktari amenieleza bila kunizungusha. Naandika kwa kidole kimoja, nikikosea mnisamehe.

Marehemu mke wangu ana dada yake huko Newala, nimwite Mama Esta. Hakusoma, lakini sijakutana na mtu mwenye hadithi nyingi za Kimakonde kichwani kama yeye. Miaka mingi, kila likizo, nilipanda kwake na madaftari nikaandika anavyosimulia. Kwao hadithi haianzi mpaka msimulizi awataje waliompa: "Hii nilipewa na Bibi Sikudhani, naye alipewa na mama yake mdogo, aliyezikwa bondeni Ruvuma." Akiruka jina moja, anarudi mwanzo. Mimi nilikuwa naona ananichelewesha.

Nilipostaafu nikapata wachapishaji wadogo Dar es Salaam, watu wawili ndani ya chumba kimoja, wanaochapa vitabu vya simulizi za makabila tu. Walinipokea kwa heshima ambayo kazini sikuwahi kuipata. Siku moja mhariri akanipigia.

"Shikamoo, mwalimu. Kila hadithi inaanza na majina ya watu. Ni sehemu ya hadithi, au tuyatoe?"

"Marahaba. Yatoe. Ni maneno ya kuanzia tu."

Nilijua si kweli. Lakini majina yakibaki, ningeonekana karani. Yakiondoka, hadithi zingekuwa zangu. Kitabu kikatoka na jina moja, langu. Mama Esta hata kwenye shukrani hayumo.

Nikampelekea nakala. Alikuwa amekaa uani karibu na kisima cha maji ya mvua, macho yake yameanza kufifia. Akakipapasa kitabu, akacheka.

"Kumbe uji wangu wote ule ulikuwa unaunywa kikazi, shemeji. Haya, soma. Na yule fisi wa hadithi zangu asije akawa na sura yangu."

Nikafungua ukurasa wa kwanza. Majina hayakuwepo, lakini wakati ule bado nilikuwa nayakumbuka, nikayasoma kana kwamba yapo. Bibi Sikudhani, mama yake mdogo, wote. Hadithi baada ya hadithi, macho yangu yakiwa kwenye karatasi. Nilipomaliza akanyoosha mkono, nikamrudishia kitabu.

"Basi wamo," akasema. "Sasa hata mimi nikifa, wao hawapotei."

Akakifunga kitabu kwenye kanga, akakiweka sandukuni.

Tangu mke wangu afariki naishi peke yangu. Watoto wako mbali, walimu wenzangu nimewazika karibu wote. Kuna siku sauti pekee ninayoisikia ni ya mabibo ya mkorosho yakidondoka kwenye bati la jirani. Anayenipigia ni Mama Esta tu, kila Jumapili akitoka kanisani. Mjukuu wake humbonyezea namba. "Umekula, shemeji? Usinidanganye."

Mwezi huu mhariri amepiga tena. Wanataka kukichapa upya kitabu, anauliza kama kuna la kurekebisha. Nikataka kumwambia ayarudishe majina. Nikaenda kwenye madaftari, nikakuta mchwa wamebakiza majalada. Kichwani nimebaki na Bibi Sikudhani na huyo mama yake mdogo ambaye hata jina lake silikumbuki. Wengine wamenitoka. Yuko mtu mmoja tu duniani anayewajua.

Ningeweza kumwambia Mama Esta kwamba nakala yangu nayo imeliwa na mchwa, anitajie upya. Angenitajia, tena kwa furaha. Lakini nimechoka kumsomea yasiyokuwepo, na sitaki hilo liwe neno langu la mwisho kwake.

Nikimwambia ukweli, huenda Jumapili simu isilie tena, nami sina mwingine wa kuniuliza kama nimekula. Nikinyamaza, siku atakayozikwa yeye, watu wake wote watazikwa naye, huku akiamini wamo kwenye kitabu.

Keshokutwa ni Jumapili. Atapiga, ataniuliza kama nimekula. Ninyi mnaosoma, nisaidieni: nikishamjibu hilo, nianze na neno gani?