Kinanda Kinachofunguka

Fundi wa santuri wa mtaani kwetu hamkabidhi msikilizaji mgeni kinanda chochote cha kuchezea santuri kabla hajakipindua na kutafuta skrubu za kukifungulia. Vidole vyake virefu hupapasa kitako cha chombo kama daktari apapasavyo tumbo la mtoto. Jana alikuja binti mwenye sahani moja tu ya santuri; ndani yake aliimba marehemu bibi yake, ambaye binti huyo hakuwahi kumsikia akiimba. Kaka yake alishikilia wanunue kinanda kipya cha plastiki kilichokuwa rafuni. Fundi akakipindua.

"Hiki kimegandishwa kwa gundi; kikiharibika, ni jalalani tu. Tena mkono wake mzito wa sindano utamkwaruza bibi yenu," alisema fundi polepole, akateremsha kinanda kikuukuu cha mbao alichokitia mkanda mpya wa kuzungushia sahani.

"Mzee, hilo si banda la kuku?" kaka aliuliza.

"Kuku wa humu huimba, mwanangu."

Akabandika kipande cha karatasi pembezoni mwa sahani, akatazama saa, akahesabu mizunguko: thelathini na mitatu kwa dakika, barabara. Kisha akashusha sindano, pumzi ameizuia. Sauti ya mwanamke ikajaa dukani, safi, bila mkwaruzo.

Binti akaruka. "Ndiye! Kaka, anaimbia puani kama wewe!"

Kaka, bila kuambiwa, akakiinua kinanda juu ya kichwa, akatoka nacho kama nahodha aliyetwaa kombe.