Jina la Mpiga Gitaa Wetu

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mama yangu alisema nikifika mbinguni nitamsumbua malaika nijue bawa lake limeshonewa wapi. Ndivyo nilivyojifunza fidla: nilimwuliza sista mmoja wa misheni kwa nini kipande cha ubao kinalia kama mtu aliyefiwa, nikamwuliza tena na tena, mpaka akachoka akanikabidhi nijionee mwenyewe. Na ndivyo nilivyoingia kwenye bendi ya roki, katika Kolwezi ambako kila mtu alitaka rumba.

Tulikuwa wanne. Mimi nilipiga fidla na kuimba, mmoja alipiga ngoma, mmoja gitaa la besi, na wa nne ndiye mpiga gitaa wetu, aliyetunga nyimbo zote. Roki tuliipata kwenye kanda zilizoachwa na wahandisi Wazungu wa kampuni ya shaba. Jumamosi alasiri tulipiga katika ukumbi wa zamani wa wafanyakazi, mtaani Dilala, na majirani walichungulia mlangoni wakiuliza, "Ni muziki ao mashini imeharibika?" Uzi wa fidla ukikatika, tulifumua waya wa breki ya baiskeli tukachomoa uzi mmoja. Ulilia vibaya kidogo, lakini ulilia.

Kilichonishangaza zaidi ni namna mpiga gitaa alivyotupatanisha sauti. Piano hatukuwa nayo. Alingoja sirene ya kiwanda, ile ya kubadilisha zamu, akashika noti yake kwa sikio, akakaza nyuzi zake, kisha zangu. Nilimwuliza kwa nini asitafute noti ya kweli.

"Ya kweli ni gani?" akasema. "Hii kila mutu anaijua. Tukipiga na hii, kila mutu wa Kolwezi atajikuta mu muziki."

Kampuni ilipoanza kufa, sirene ilinyamaza baadhi ya siku. Yeye aliendelea tu, noti ilishamkaa kichwani. Nilimpima. Nikikutana naye sokoni Manika namwambia, haya, imba sirene. Hakukosea hata mara moja, nami sikuacha kujiuliza inakaa wapi ndani ya mtu.

Kisha ukaja wakati wa kuwafukuza kutoka mkoa wetu wa Katanga watu wenye asili ya Kasai. Babu wa mpiga gitaa ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kuchimba shaba; baba yake alizaliwa Kolwezi, na yeye pia. Sisi watatu tulikuwa Wakatanga. Jumamosi moja vijana wa siasa waliingia ukumbini wakaziba mlango. Walijua baba yangu ni mtu wa kaskazini mwa Katanga, ambako majina yanafanana na ya Kasai, kwa hiyo waliniuliza mimi, wakimwonyesha mpiga gitaa.

"Mama, huyu ni mutu ya wapi?"

Ningesema ni ndugu yangu, wangeondoka. Maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu.

"Sijue," nikasema.

Mimi, niliyejua mambo ya mji mzima! Niliyekula bukari, ugali wetu, kwa mama yake kila Jumapili! Wakamtoa nje na gitaa lake. Niliona haya, na haya ile ninayo mpaka leo.

Siku chache baadaye nyumba yao ilikuwa na watu wengine, na wao walikuwa stesheni, pamoja na familia nyingi zilizolala chini ya mashuka kando ya reli, zikingoja treni. Nilikaa siku tisa kabla ya kupata moyo wa kwenda. Mama yake alikuwa anapuliza mbabula, jiko lake la makaa.

"Mama, ikala," akaniambia, kama vile nimefika kwake nyumbani. Nilishindwa kukaa. Nikamwomba mwanawe msamaha nikiwa nimesimama. Alichukua fidla yangu akaikaza nyuzi, akanirudishia.

"Nyumba balikamata. Gitaa balikamata," akasema. "Nyimbo njo zilibakia. Mukienda ku redio, utaje jina yangu. Paka ile."

Hilo tu aliloomba, nikamwahidi.

Redio ilikuwa imetukubalia zamani turekodi. Njiani wenzangu walipanga tuseme kwamba bendi nzima ndiyo iliyotunga. Tulipiga nyimbo tatu, fidla ikishika nafasi ya gitaa, na fundi wa mitambo akashangaa kwamba vyombo vyetu vyote viko chini kidogo ya noti ya kweli, tena chini sawasawa. Ndipo mtangazaji akauliza nani alitunga. Mpiga besi akanikanyaga mguu. Nikataja jina la mpiga gitaa wetu, jina la baba yake na mtaa aliozaliwa, polepole, nisije nikaeleweka vibaya. Mpiga ngoma akatoka nje. Bendi ilifia pale, na mimi sijapanda jukwaani tena.

Jumapili, baada ya misa, wimbo wetu mmoja ulipigwa redioni. Niliweka sikio kwenye spika. Nikasikia swali la mtangazaji, halafu muziki. Jina walilikata.

Nilikimbia hadi stesheni nimwambie kwamba nililisema, kwamba safari hii si mimi. Kando ya reli palikuwa na majivu na mama mmoja muuza mihogo. Treni, akasema, ndiyo kwanza imeondoka.

"Balikuwa na redio mu behewa," akaniambia. "Ule mama aliomba bote banyamaze, basikie jina ya mutoto yake."

Nikamwuliza, ingawa nilijua, kama walilisikia.

"Hapana," akasema. "Balinyamaza paka vile, treni ikaenda."