Mkaguzi Aliyelikataa Ini Lake

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, ini la ng'ombe linawekwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya mwisho juu yake. Koti jeupe, buti za mpira, kisu mkononi. Analibonyeza kwa kidole gumba, analipasua, anachungulia ndani. Kinundu. Ini linakwenda kwenye pipa jekundu, na rufaa haisikilizwi.

"Mzee Muhuri, kinundu kimoja tu!" analalamika mwenye ng'ombe.

"Kingeota kwenye pua yako ungekiita kimoja tu?"

Huyu ni mkaguzi wa nyama, mwaka wa ishirini na mbili katika machinjio haya. Kila asubuhi hupitia maini arobaini hivi. Jina amelipata kwa muhuri wa buluu anaogonga kwenye nyama iliyofaulu.

Mwaka huu kibao kilimgeukia. Alikwenda hospitali kwa maumivu ya figo, akapigwa picha ya tumbo. Mpiga picha akasema ini lina vinundu viwili. Mzee Muhuri hakungoja sentensi ya pili.

"Ini lenye vinundu nalijua mimi kuliko daktari," anasema.

Siku hiyohiyo alimkabidhi shemeji yake kisu cha kazi, akamwonyesha mkewe hati za nyumba zilipo. Alitakiwa kurudi wiki ile achomwe sindano ya kutoa kipande cha ini kipimwe. Hakwenda. Wiki tatu alikaa sebuleni amevaa suti.

"Alikuwa anasubiri msiba wake kama mgeni mwalikwa," anasema mkewe, bila huruma hata chembe.

Siku ya ishirini na mbili, mama huyo alizima redio.

"Baba Watoto, ini la ng'ombe hulikatai mpaka ulipasue. La kwako umelikataa kwa kusikia tu. Huo ni ukaguzi gani?"

Mzee anakiri hapo alichomwa kuliko sindano. "Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kuniambia nakagua ovyo."

Alikwenda, na suti yake. Majibu yakatoka: si saratani. Ini halijasinyaa wala halina makovu. Vinundu ni chembe za ini lenyewe zilizojikusanya mahali pamoja, hazidhuru.

"Daktari akasema tuviache. Nikamuuliza, mnaviachaje? Akanijibu, 'Mzee, kwani vimekukosea nini?'"

Akapewa kadi ya kurudi baada ya miezi sita kwa picha nyingine. Aliirudisha dirishani papo hapo. Haikuwa na muhuri.

Miezi hiyo inaisha wiki hii. "Siombi vipotee," anasema. "Vikae kama vilivyo, na mimi nikae."

Ini jingine linawekwa mezani. Anabonyeza, anapasua, anatazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Pipa jekundu.

"Pole, ndugu yangu," analiambia. "Wewe hukupewa kadi."

"Na la kwako je, Mzee?" anachokoza mwenye ng'ombe.

"Langu linakaguliwa Alhamisi. Na safari hii nitangoja sentensi ya pili."