Bosi wa Okestra Alitaka Tupake Sabuni Pinde Zetu Tusisikike

Wakuu, salaam kutoka Arua. Haya niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Mimi shule niliiacha mapema. Nimekuwa utingo wa malori Vurra, nimelima Dadamu, nimechoma matofali. Siku moja nikasikia fidla kwenye harusi Ediofe, nikawafuata wapigaji hadi kwenye mazoezi yao. Nikabaki. Kitu nisichokijua huninyima usingizi.

Ilikuwa okestra ndogo, watu wanane, muziki wa kusoma nota. Kazi zetu harusi, mahafali, sherehe za wakubwa.

Aliyetufundisha ni Dada Furaha, Mkongomani wa Aru. Anapiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti. Mji huu sijaona mwingine anayeipiga.

Meneja tulimwita Bosi. Yeye hapigi hata filimbi.

Basi tukapata harusi Koboko. Mwenye sherehe alitaka okestra ionekane kubwa. Bosi akakusanya vijana wa boda, akawavika suti, akawapa fidla, pinde zao akazipaka sabuni.

Kwa msiojua: nywele za upinde hupakwa utomvu mkavu ili zikamate nyuzi. Ukipaka sabuni zinateleza tu. Mkono unakwenda, sauti hakuna.

Tukacheka sana. Kumbe sabuni ilikuwa inakuja kwetu pia!

"Na nyinyi mupake," Bosi akasema. "Muziki itatoka kwa spika. Ile ya kurekodi haina makosa."

Furaha akauliza, "Bosi, sasa mimi niko hapa ya kufanya nini?"

"Ya kukaa vizuri."

Mwenzetu mmoja akadakia, "Si ungeleta sanamu za duka la nguo? Zile hazikulagi pilau!"

Bosi hakucheka. "Okestra iko yangu. Mutu hataki, atoke."

Furaha hakupaka. Spika ilipoanza, akapiga kwa mkono wake, sawasawa na wimbo. Wazee wa meza ya mbele wakageuza viti kumwangalia.

Wimbo ulipoisha, Bosi akaenda akamnyang'anya selo mbele ya wageni. Akampa kijana wa boda, naye akaipakata kama gitaa.

Na unajua nini kilitokea? Hakuna. Spika ikaendelea, watu wakapiga makofi. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Watatu tuliondoka na Furaha. Waliobaki siwalaumu, wana watoto. Lakini mtu afundishe wenzake miaka, halafu nafasi yake ipewe mtu wa kushikilia mti? Hiyo ni dharau!

Sasa Bosi ametuma ujumbe: Furaha atarudi akiomba msamaha mbele ya wote. Selo ni mali ya Bosi, na nyingine hapa hakuna.

Nilichojifunza: ukiajiriwa kupiga, mkubaliane kabisa kwamba utapiga, na wapigaji muwe na sauti moja kabla ya siku ya kazi. Ukumbini mtakuwa mmechelewa.

Jana Furaha aliniuliza, "Kaka, niende nimuombe, nipate kuishika tena?"

Mimi kwa hasira zangu ningesema hapana. Lakini nikaangalia mikono yake, nikamwomba anipe siku moja.

Wakuu, anasubiri jibu. Nimwambie nini?