Mufereji kwenye fasi kavu

Kulala kwenye hema, mimi niko na uzoefu kushinda askari. Nilianza nikiwa na miaka saba. Basi siku moja kinyozi, rafiki yetu wa Mbarara, akatuonyesha kwenye simu vijana wamelala jangwani, hema, moto, gitaa, meno yote inje. Nikamuuliza, "Hawa wamekimbia vita gani?"

"Hapana, sebo. Hiyo ni raha. Wanalipa pesa."

"Wanalipa ili walale kwenye hema?"

"Eeh."

"Kumbe nilikuwa tajiri tangu utoto, na hakuna mutu aliniambia."

Kinyozi ni Munyankore, Kiswahili yake alijifunza kwa wateja, kichwa moja, neno moja. Alitaka tufanye ile raha kwa kumuaga mwenzetu wa tatu, jirani yangu wa kambi ya Nakivale. Huyo tulitoka naye Kivu kwenye lori moja, yeye amekalia gunia, mimi nimekalia mukono yake. Familia yake ilipata safari ya Kanada. Basi ya kuwachukua ilikuwa inakuja siku ya Jumanne.

Mimi nilikuwa na maneno yangu ndani ya roho. Watu wote walijua familia yetu itafuata nyuma. Jirani alishasema atachagua chumba ya vitanda viwili, kimoja changu. Lakini wiki mbili kabla ya pale, kwenye ofisi ya wakimbizi walituambia mimi na mama kama dosiye yetu, ile faili ya safari, imefungwa. Sababu walieleza mingi, mimi nimesoma mpaka la sita tu, nilishika ile neno moja: imefungwa. Mama akasema nisiambie mutu kwanza. Mimi nikajiambia, huyu mumoja nitamwambia, uso kwa uso, kabla ya Jumanne.

Uganda haina jangwa. Lakini ule mwaka mvua ilikataa, na majani ya Isingiro iligeuka kama nywele ya muzee. Kinyozi akaazima pikapu ya mjomba wake, ile ya kubeba matoke, akatoka Mbarara asubuhi, akatuchukua Rwekubo, karibu na kambi. Tukaenda mpaka fasi barabara ilibaki vumbi na miiba tu.

Mwenye ng'ombe wa pale akatoka kutuangalia. Aliona bashi yetu, ile plastiki nyeupe ya kujengea hema. Akaona matela ya kulalia, sufuria, bidoni ya maji.

"Mumekimbia nani tena?"

"Hapana, muzee," kinyozi akasema, "sisi iko tembea tu."

"Mutu anatembea na matela?"

Akatuachia, akisema tusichome majani yake, kama bado tunaona majani.

Tukasimamisha bashi. Ilikuwa ya kwetu, ya zamani, na kamba tulikata kwenye mipira ya baiskeli. Kinyozi alikuwa anapiga picha tu. Mimi nikachukua jembe, nikaanza kuchimba upande wangu. Nikiinua kichwa, namuona jirani anachimba upande wake na panga. Hakuna mutu aliyemuambia mwenzake. Tukakutana kwenye kona.

"Banange! Munachimba nini? Kaburi?"

"Mufereji," jirani akasema. "Ya maji."

"Maji gani? Hapa hata mate hakuna!"

Tukaangalia juu. Hakuna hata wingu moja. Tukaangaliana, tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye vumbi. Ule mwaka wa kwanza Nakivale, maji iliingia ndani ya hema, viatu ikaogelea. Toka siku ile mama zetu hawakutuacha tulale bila kuchimba. Mama yangu alikuwa anasema maji haipigi hodi.

Kicheko ikapungua. Nikaona saa imefika.

"Mimi siji Kanada," nikasema. "Dosiye yetu imefungwa."

Jirani akapasuka na kicheko. "Ile kichwa yako haingie kwenye ndege!"

"Nasema kweli."

"Kweli kama siku ile ulisema kiboko amemeza baiskeli ya mwalimu?"

Kinyozi akashika tumbo. Wote wawili machozi. Mimi nitafanya nini? Nikasema, "Na ile kiboko dosiye yake imepita," wakalala chini kabisa. Ukiwa mutu wa kuchekesha, siku uko na neno ya kweli, hakuna anayeiletea kiti.

Tukala ugali na majani ya sombe na vumbi. Nikalala katikati yao, wao wakasinzia upesi. Mimi nilisikiliza ng'ombe wanakohoa.

Asubuhi tukakunja bashi. Kinyozi alikuwa kwenye pikapu, anaipa maji. Jirani akaanza kufukia mufereji na muguu, polepole, upande wake kwanza, halafu wangu. Alikuwa amevaa viatu vyeupe vya safari, anavizoesha. Hakuinua macho.

"Ile maneno ya jana. Ulikuwa unachekesha?"

Neno lilikuwa hapa kwenye ulimi. Nikamuona amekaa ndani ya ndege, amelibeba kwenye magoti saa zote zile. Na mimi pia niliogopa: jana niliisema wakacheka, leo nikiisema atanyamaza.

"Eh, nilikuwa nachekesha. Siku nikifika utanipikia nini?"

Akashusha pumzi. Niliisikia ile pumzi.

"Wewe ni mujinga," akasema, akafukia ile kona ya mwisho.

Jumanne wakaenda. Sasa ananitumia sauti kwenye simu: "Unakuja lini? Kitanda yako niko naweka nguo juu." Namujibu, "Niko njiani, kiboko amekalia barabara." Nasikia anacheka kule. Halafu nabaki nimeshika simu.

Mvua ilirudi mwezi wa tisa. Nikachukua jembe, nikachimba upande wangu wa nyumba. Nikamaliza kona, nikainua kichwa. Halafu nikazunguka, nikachimba na ule upande mwingine.