Kitinda Ana Kiu

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake. Ila tangu mumewe afariki amepunguza maneno. Siku hizi mguu uko kwenye cherehani, jicho liko kwenye kompyuta kuukuu aliyoachiwa na marehemu, pale juu ya meza ya kukatia.

Ndani yake mna gemu la zamani. Watu wanatembea chini ya ardhi, kwenye njia za mawe, na wewe unaona kwa macho yao. Wanashika mienge, wanaona njaa, wanaona kiu. Hata usipogusa kitu, mwenge unazidi kufifia, na nyuma yako unasikia kitu kinaburuta miguu kabla hujakiona. Marehemu aliwapa majina ya nyumbani: Baba, Mama na Kitinda, yaani binti yao wa mwisho.

Jioni moja Baba aliuawa mle ndani. Marehemu akacheka, akahifadhi gemu, akazima mashine akalala. Kesho yake akaanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka.

Tangu hapo shangazi haizimi mashine, anawalinda wawili waliobaki. Nilimtania sana, nikamwambia aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Mchana mmoja nilikwenda kuchukua koti langu jipya. Nikalivaa, likanikaa sawasawa. Kwenye kompyuta Kitinda alikuwa akihema, na alama yake ya maji ilibaki nyembamba kama uzi.

"Zima basi, ule kwanza," nikamwambia shangazi.

"Marehemu alizima. Ilimsaidia nini?"

Simu yake ikalia. Alikuwa Kitinda mwenyewe, binamu yangu, aliyekwenda kupima barabara mpya huko nyikani.

"Mama, gari limetuharibikia. Maji yamekwisha tangu jana. Waambie ofisini kwamba tuko..."

Ikakatika. Tukapiga, hapatikani. Nikapiga ofisini kwao, wakasema watatuma gari, ila hawajui kundi lile limefika wapi hasa.

Shangazi alikuwa ameshageukia kompyuta. "Kuna chemchemi mle," akasema. "Niliwahi kuipita, nikachora njia kwa chaki, kwenye kitambaa cheusi cha bitana, cha kutia ndani ya koti."

Akapekua vitambaa vyote, akamwaga kikapu cha vipande sakafuni. Kisha akaliangalia koti nililovaa.

"Mwanangu, vua koti."

Akafumua bitana kwa wembe. Chaki ilikuwapo kwa ndani: kona, mlango, ngazi. Nikafuata mstari kwa kidole, yeye akibonyeza.

"Kushoto," nikasema. "Nenda mbele. Kushoto tena."

Sikuwa na hamu ya kutania. Mle ndani, nyuma yetu, miguu ilikuwa ikiburutwa, na kila tulipokata kona ilikata nasi.

Mstari ukapanda mgongoni, ukafika begani. Hapo ukaishia. Nikaligeuzageuza koti kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu. Kitambaa kilikuwa laini, kinang'aa, kimepigwa pasi vizuri.

"Kulia au kushoto?" shangazi akauliza.

Nikamwonyesha. Akapapasa bega la koti kwa kiganja, taratibu, kama anayetafuta homa.

"Bega nililipiga pasi asubuhi hii," akasema. "Nilitaka likukae vizuri."